Risasi ya Garfield

Wandugu, mtu akitaka kununua detekta ya metali, anauliza kwanza: inafika chini namna gani? Mimi naulizaka kwanza kama inatofautisha dhahabu na misumari. Ni juu ya jambo la Washington, 1881.

Tarehe 2 Julai rais James Garfield alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, ule wa telefoni, akaleta mashine ya kutafuta risasi mwilini bila kupasua. Aliisha kuijaribu kwa askari wa zamani wenye risasi mwilini, ikalia vizuri. Kwa rais, ilisikika pahali pengi: chini ya godoro mulikuwa nyaya za chuma! Tena daktari Bliss aliruhusu wapime kuume tu. Risasi ilikuwa kushoto, ndani sana. Garfield akafa tarehe 19 Septemba.