Breki zinazopata moto na pedali inayozama: chanzo huanzia gurudumuni

KISIWA cha Pate, kilicho na kijiji cha Mbwajumali upande wake wa kaskazini mashariki, ni tambarare na njia zake nyingi ni za mchanga. Hilo ni jambo la kwanza la kuzingatiwa na mwenye gari kuukuu anayesikia harufu ya kuungua gurudumuni. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, breki huweza kupata moto kwa sababu ya kazi kubwa iliyofanya. Pate hakuna mteremko wa namna hiyo. Breki ikipata moto huko, ni kwa sababu haiachii baada ya mguu kuondolewa.

Dalili ya pili, yaani pedali kuzama, mara nyingi hufuata ya kwanza. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakiingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi takriban 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yaliyokaa miaka garini, tena pwani, huchemka mapema gurudumu linapopata joto, nayo mapovu ya mvuke hubanwa kirahisi kama hewa. Dereva hukanyaga na pedali ikateremka hadi sakafuni. Gari likipoa, pedali hurudi, na mwenyewe hudhani limepona.

Hapo ndipo fedha hupotea. Fundi huagiza silinda kuu ya breki kutoka Mombasa, kipuri hungojewa chombo, hufungwa, na juma lifuatalo gurudumu linafuka tena.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye joto. Gari liendeshwe polepole mahali pasipo watu, breki zikitumiwa kidogo iwezekanavyo, kisha kiganja kisogezwe karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Likiwa moja tu lenye moto, kasoro imo humo au katika mpira wake wa mafuta. Yakiwa mawili ya nyuma, ishukiwe kebo ya handibreki iliyoshika kutu, au mpira unaoyalisha yote mawili. Yakiwa yote manne, tatizo liko juu, kwenye silinda kuu au kijiti kinachoisukuma.

Gurudumu lenye moto liinuliwe kwa jeki iliyowekwa juu ya ubao, maana mchanga humeza jeki, na magurudumu mengine yazuiwe kwa magogo. Likizunguka kwa ulaini huku kitovu kikiwa na moto, beringi ikaguliwe. Huenda breki inasingiziwa. Likiwa gumu, skrubu ya kutolea hewa ilegezwe kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi, shinikizo lilikuwa limenaswa. Lisipolegea, kilichokwama ni chuma: pistoni, pini za kalipa, viatu vya breki au kebo. Chumvi na kutu ndizo za kwanza kulaumiwa hapo.

Shinikizo lililonaswa lina hila yake. Mpira wa zamani huvimba ndani na kuziba njia: nguvu ya mguu hupitisha mafuta kwenda, lakini hayarudi. Kwa nje huonekana mzima kabisa. Kiungo cha bomba la chuma kilicho kabla ya mpira kikifunguliwa, gurudumu lisipoachia, mpira ubadilishwe. Likiachia, fundi aangalie kama kijiti cha pedali kina nafasi ndogo ya kucheza kabla ya kugusa pistoni ya silinda kuu. Kikikosa nafasi hiyo, mafuta hayapati njia ya kurudi chomboni.

Ubaya mwingine huanzia dukani. Palipokosekana mafuta ya breki, wapo wanaojazia oili ya injini. Oili huvimbisha raba zote za mfumo, pedali huharibika na magurudumu hushika pamoja. Kusafisha peke yake hakutoshi. Raba zilizoguswa sharti zing'olewe.

Pedali ipimwe gari likiwa baridi na limesimama. Ikanyagwe kwa nguvu ya kawaida na ishikiliwe hapo kwa nusu dakika. Ikiteremka taratibu huku mafuta yakipungua, panavuja: itazamwe ndani ya kila gurudumu, mabomba, na nyuma ya silinda kuu. Ikiteremka bila mafuta kupungua, raba za ndani ya silinda kuu zimechakaa, na hapo ununuzi wake una haki. Ikiwa laini kama sifongo na hupanda ikipigwapigwa, mna hewa. Ikiwa chini lakini hupanda na kuwa ngumu, viatu vya ngoma vinahitaji kurekebishwa. Pedali kushuka kidogo injini inapowashwa, kwa gari lenye busta, ni kawaida.

Land Rover za zamani zenye ngoma kwenye magurudumu yote manne zinahitaji hadhari ya ziada, kwani nyingi zina mzunguko mmoja tu wa mafuta: uvujaji wa gurudumu moja huondoa breki zote. Gari la namna hiyo likizama pedali lisibebe abiria hadi gati ya Mtangawanda kwa kutegemea handibreki. Mafuta yaliyowahi kuchemka yamwagwe yote, na mapya yatoke kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo.