Kilwa Kisiwani, kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo

Ukitoka Dar es Salaam, ni safari ya takriban kilomita 300 kwenda kusini hadi Kilwa Masoko. Hapo mgeni hukata kibali cha kutembelea magofu, kisha hupanda mashua kuvuka hadi kisiwani. Bahari ikiwa shwari, tanga halijachoka kabla kuta za ngome iitwayo Gereza hazijachomoza nyuma ya mikoko.

Tarehe ya Kilwa, masimulizi ya kale ya historia ya mji huu, inasimulia kwamba Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, alikinunua kisiwa hiki kwa nguo: aliambiwa akizungushe kitambaa pande zote, naye akafanya hivyo. Muuzaji alihamia bara huku akipanga kurudi na jeshi maji yatakapokupwa, maana enzi hizo watu walivuka kwa miguu. Ali akachimba mkondo. Muuzaji alisimama ufukweni akingoja maji yakauke, na hayakukauka.

Wanaakiolojia wanaeleza vingine: mji ulikua polepole kutokana na kijiji cha watu wa pwani, waliokuwapo tangu karne ya 9 hivi. Hata hivyo hadithi hiyo isitupwe, kwa kuwa imehifadhi ukweli mmoja mkubwa. Nguo ndiyo iliyokuwa mali ya Kilwa. Vitambaa vya India vilipita hapa kwenda bandari ya Sofala, na dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ikarudi kwa njia hiyohiyo. Sarafu ya shaba ya sultani wa Kilwa imeokotwa huko Zimbabwe Kuu. Nyingine tano aliziokota mwanajeshi wa Australia mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zilifikaje, bado ni fumbo.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia kuwa fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe alizichukua tena na kumfidia fakiri kwa watumwa kumi. Baba akaongeza wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu huo unasifiwa sana, lakini ni haki kuwakumbuka pia watu ishirini waliotolewa zawadi bila kuulizwa.

Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 lililokaa ukingoni juu ya bahari. Kuta zake ni za matumbawe, yaliyochongwa na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa papo hapo. Mgeni akisimama kwenye ukingo wa birika la pembe nane hapati shida kuwazia maji yakimeremeta ndani yake, ingawa leo ni kavu na majani yameota. Jengo halikukamilika.

Msikiti Mkuu ndio unaofanya mtu anyamaze. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11. Upanuzi wa karne ya 14 uliporomoka, ukajengwa upya karne iliyofuata. Chini ya makuba na matao yake kivuli hubaki baridi hata saa sita mchana.

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliupora mji na kujenga ngome. Mwaka 1512 wakaondoka. Gereza linaloonekana sasa kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, ila jina lake limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. UNESCO iliyatambua magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya hatari.

Neville Chittick, aliyechimba hapa katika miaka ya 1960, alikuta pia vitu visivyopigwa picha na wageni: vigae vya vyungu vilivyosuguliwa mviringo, kila kimoja na tundu katikati. Vilikuwa uzito wa kijiti cha kusokotea pamba. Kumbe hapa hawakungoja nguo za India tu. Kivulini mwa kuta hizi palikuwa na mikono iliyovuta nyuzi.