Rangi Ilikuwa na Kazi: Chombo, Mkeka na Msamiati wa Wabajuni

Mara nyingi tunapozungumzia rangi katika vifaa vya kila siku tunaichukulia kuwa ni pambo tu, kitu kinachoongezwa baada ya kazi kumalizika. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba katika visiwa vya Wabajuni, yaani Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo vilivyojipanga kusini mwa Kismayo, rangi ilikuwa na kazi kabla ya kuwa pambo. Jambo hili linawahusu pia walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwani kifaa kinapopotea hakipotei peke yake.

Tuanze na chombo. Wabajuni walisifika kwa kuunda mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila ya misumari, chenye tanga la mkeka. Mwaka 1919 Lydekker aliandika habari zake katika jarida la Man. Omo ya mtepe ilichorwa macho, na jicho haliwi jicho mpaka mboni itofautiane na weupe wake. Aidha, vyombo vya pwani hii kwa jumla vilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, juu ya mstari wa maji, na chini vikapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaozuia wadudu watoboao mbao. Hivyo chombo kilikuwa cha kahawia juu na cheupe chini. Weupe huo haukuchaguliwa kwa ajili ya uzuri, bali ulitokana na chokaa. Hata hivyo ulimfaa fundi, kwani chombo kilipopwelewa aliweza kuona upesi mahali deheni ilipobanduka.

Mfano wa pili ni mkeka. Jamvi, ambalo ni la kazi ngumu, huachwa na rangi yake ya asili. Mkeka wa kulalia au wa kumkaribisha mgeni hutiwa rangi. Kwa hiyo anayeingia nyumbani hutambua kwa jicho tu wapi aketi. Ikumbukwe kuwa ukindu huchemshwa na rangi kabla ya kusukwa ukili, kisha kili hushonwa pamoja. Msukaji basi hana budi kuujua mkeka mzima kichwani kabla ya kuanza, kwa sababu ukili uliokosewa hauwezi kupakwa rangi upya.

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Mwaka 1969 Berlin na Kay walieleza kuwa lugha zenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Rangi hizo ndizo za kisutu, leso ya harusi inayojulikana pwani nzima. Rangi nyingine tumezipa majina ya vitu tunavyovitumia: manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani ni jani, zambarau ni tunda.

Hilo la zambarau lina funzo. Katika karne ya 19 pwani hii, hasa upande wa kaskazini, ilisafirisha marere kwenda Ulaya. Marere ni kuvu ya mitini iliyotoa rangi ya zambarau, na biashara yake ilikuja kupingwa na rangi za viwandani zilizoanza na ugunduzi wa Perkin mwaka 1856. Lakini rangi yenyewe haikuitwa marere. Tuliuza rangi, tukalipa jina tunda tulilolila. Jina lilibaki kwa kitu kilichokaa mikononi mwetu.

Hapa ndipo penye wasiwasi wetu. Mtepe uliacha kuundwa kabla ya kufika nusu ya karne ya 20, na leo tunauona katika mifano ya makumbusho. Tangu vita vya mwaka 1991 Wabajuni wengi wa Somalia waliyakimbia makazi yao, wakaingia Kenya na wengine wakafika hadi Uingereza. Mkimbizi anaweza kuubeba mkeka mmoja, lakini hawezi kuubeba mkindu. Sacleux alikusanya maneno mengi ya lahaja za pwani katika kamusi yake ya mwaka 1939, lakini kamusi haisuki mkeka.

Tunawaomba basi wanafunzi wetu watokao Lamu, Mombasa na kwingineko, wanaporudi likizo, waketi na bibi zao wakiwa na daftari. Wasiulize tu jina la kila rangi na la kila ukili. Waulize pia kwa nini ukili mwekundu umewekwa hapa na si pale. Jibu la swali hilo ndilo historia, na bado lipo midomoni mwa wenyewe.