Ruti ya Ulaya Iliyopitia Ziwani Kwetu

Wasee wa kurusha ndege kwa kompyuta, mbona kila ruti "ya ukweli" mnayopanga ni London kwenda Athens, ama Frankfurt kwenda Roma? Programu inakuchorea njia kwa sekunde chache, nawe unafuata. Lakini mbona njia imepinda pale na si hapa? Ukitaka kuelewa hiyo kitu, anza na Kisumu. Ndiyo, Kisumu hii yetu.

Februari 1931, Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa kituo. Mwaka wa 1932 ruti ikasukumwa mpaka Cape Town. Kutoka Khartoum abiria walikuja na ndege ya majini, ile inayotua ziwani kama bata. Wakifika Kisumu wanashuka, wanapanda ndege ya magurudumu, safari ya kusini inaendelea. Yaani tulikuwa steji, na si steji ndogo.

Sasa cheki upande wa Ulaya. Ungedhani huko ndiko kulikuwa rahisi. Wapi! Uingereza na Italia hazikuelewana kuhusu anga, kwa hivyo kwa miaka kadhaa abiria walipanda treni kutoka Paris hadi Brindisi, kusini mwa Italia, ndipo warudi hewani. Umekata tiketi ya ndege, unajipata kwa treni. Hapo si upepo uliopinda njia, ni siasa.

Kufikia 1937 zilikuja ndege kubwa za majini, Short Empire. Zilitoka Southampton, zikapitia Marseille, Roma, Brindisi, Athens na Alexandria, zikafuata Mto Nile hadi Khartoum, kisha Kisumu, Mombasa na kuendelea mpaka Durban. Mwendo wao ulikuwa kama kilomita 265 kwa saa, na tangi likijaa zilienda kama kilomita 1,200 tu. Usiku abiria walilala nchi kavu. Ziwa letu nalo liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, injini inapoteza nguvu, na ndege inahitaji maji marefu zaidi kabla ya kuinuka.

Tusidanganyane lakini: hii njia haikuchorwa kwa ajili ya watu wa hapa. Ilibeba barua za dola ya kikoloni, maafisa wake na wenye pesa. Halafu ndege za magurudumu zinazofika mbali zikaja, ziwa likakosa kazi, na 1950 ndege za majini zikaondolewa kwa ruti ya Afrika. Leo Kisumu ina uwanja wa kimataifa, lakini ukitaka kwenda Ulaya lazima kwanza upitie kwingine, mara nyingi Nairobi.

Ndiyo maana nasema ruti ya ukweli si ile programu imekubali. Ni ile unaweza kueleza kila kona yake: mafuta, mwanga, mlima, ama serikali mbili zilizonuniana. Na hizo kona ziko kwa historia yetu pia.

Kwa hivyo wikendi hii jaribu hii: Southampton hadi Kisumu, mchana pekee, kutua majini pekee, kila mruko chini ya kilomita 1,200. Andika hapa chini umelala wapi kila usiku na kwa nini. Tulinganishe.