Nondo Katika Mtambo: Asili ya “Mdudu” wa Kompyuta

Mkulima wa maharagwe hahitaji kufundishwa maana ya mdudu. Asubuhi hugeuza jani, akaona vidukari wamejipanga upande wa chini. Mdudu huyo ana mwili, ana miguu, na amekuja kutoka kwingine. Lakini siku hizi neno hilo husikika ofisini pia. Mzazi mmoja alifika shuleni kwetu akilalamika kwamba mwanawe, aliyepata alama 100 za hesabu, ameandikiwa sifuri katika orodha iliyochapwa na kompyuta. Alijibiwa: “Kuna mdudu.” Basi yafaa tuulize, mdudu huyu alitoka wapi?

Wengi husema kwamba alizaliwa Marekani tarehe 9 Septemba 1947. Siku hiyo mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wakiujaribu mtambo wa hesabu ulioitwa Mark II, uliofanya kazi kwa swichi za umeme zenye kufunguka na kufunga. Ndani ya swichi mojawapo walimkuta nondo. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, na kando yake wakaandika kwamba hiki ndicho kisa cha kwanza cha mdudu halisi kuonekana. Ukurasa ule, pamoja na nondo wake, umehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia ya Marekani mjini Washington.

Hata hivyo, maandishi yale yenyewe yanapinga dai hilo. Kwa nini waseme “halisi”, kama hapakuwa tayari na mdudu wa mfano? Ule ulikuwa mzaha wa watu waliokwisha kulizoea neno. Mwaka 1878 Thomas Edison alikuwa amekwisha kulitumia katika barua, akitaja kasoro ndogo ndogo zinazomsumbua mvumbuzi. Kisa cha nondo kilienea kwa sababu Grace Hopper, mtaalamu mashuhuri wa lugha za kompyuta, alipenda kukisimulia, ingawa si yeye aliyemkuta.

Hapana ubaya katika kisa kizuri, ila kina hatari yake. Nondo aliingia kutoka nje. Kosa la programu huwekwa ndani na mwanadamu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka kabla ya kutimiza dakika moja angani. Hakuna nondo aliyepatikana: sehemu ya programu ilichukuliwa kutoka roketi iliyotangulia, ikapewa tarakimu kubwa kuliko nafasi iliyotengwa. Ndiyo maana Edsger Dijkstra, bingwa wa taaluma hiyo kutoka Uholanzi, alishauri mwaka 1988 kwamba tuache kusema mdudu, tuseme kosa.

Kisa cha mwanafunzi wetu hakikuwa tofauti. Programu ilitengewa nafasi ya tarakimu mbili tu. Ilipopewa 100, ikaitupa ile moja, ikabakiza sifuri mbili. Na hivyo aliyeshinda wote akawa wa mwisho. Alama zake zilirekebishwa pale tu mtu mmoja alipoacha kumsingizia mdudu, akauliza ni nani aliyepanga nafasi zile.

Kiswahili chetu kina kosa, kasoro na hitilafu. Tuyafundishe maneno haya, kwani wahenga walikwisha kutuonya: kikulacho ki nguoni mwako.