Njia za faili katika Java

Njia ya faili huonyesha mahali faili lilipo ndani ya kompyuta. Linux hutenganisha folda kwa mkwaju (/), Windows kwa mkwaju wa nyuma (\), nayo hutanguliza herufi ya diski, kama C:.

Tofauti hii hugusa kazi halisi. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioandikwa kwa Java na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutumika Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya, vikiwamo vya Musoma, Bunda na Butiama. Haukufungwa kwenye njia moja: husoma kigeu cha mazingira DHIS2_HOME, kisha hutafuta humo faili la dhis.conf. Ni mtindo unaostahili kuigwa.

Mtego mkubwa umo ndani ya matini ya Java, ambamo mkwaju wa nyuma huanzisha alama maalumu. Ukiandika "\musoma", kikusanyaji hukataa papo hapo. "\bunda" na "\butiama" ni hatari zaidi, kwani hupita kimya: \b husomwa kama herufi ya kufuta nyuma, na kosa hujitokeza programu ikiwa kazini.

Tiba ni pakiti ya java.nio.file, iliyokuja na Java 7 mwaka 2011. Tangu Java 11 (2018), Path.of("mara", "bunda", "ripoti.csv") huweka kitenganishi sahihi popote. Haigusi ukubwa wa herufi: kwa kawaida Windows huhesabu Bunda.csv na bunda.csv kuwa faili moja, Linux mawili.