Amefikia kwa Nani? Chumba cha Mgeni katika Historia ya Pwani ya Waswahili

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, mtu asiyejulikana aonekanapo mtaani, swali linaloulizwa mapema si la jina lake wala la kabila lake. Huulizwa: amefikia kwa nani? Swali hilo ni fupi, lakini limebeba historia ndefu. Kitenzi fika, kikiongezwa kiambishi cha kauli ya kutendea, hupata maana ambayo hakikuwa nayo. Mtu hufika mjini, lakini hufikia kwa mtu. Anayefika bila ya kufikia kwa yeyote amekamilisha safari ya miguu au ya chombo tu. Mbele ya wenye mji bado hajawasili. Na jibu la swali hilo si jina la mtaa. Ni jina la mwenye nyumba, ambaye tangu hapo atahesabiwa kuwa mdhamini wa mgeni huyo, kwa mema na kwa mabaya yake.

Mara nyingi husemwa kwamba ukarimu ni tabia ya Waswahili. Kauli hiyo haina ubaya, ila haielezi jambo lolote. Tabia haina tarehe, wala haijengi vyumba. Ushahidi uliopo, wa lugha, wa majengo na wa maandishi ya wasafiri, waonyesha kwamba kumwandalia mgeni mahali pa kulala kulikuwa kwa karne nyingi ni sehemu ya taratibu za biashara na za sheria za mji. Upole na bashasha vilikuwamo, lakini vilikuwamo ndani ya taratibu hizo.

Maneno yenyewe yaanza kutufunulia jambo. Mzizi -geni ni wa Kibantu cha kale, na ndugu zake wametapakaa: Wakikuyu husema mũgeni, Wakamba mueni, Waganda omugenyi. Katika Kiswahili mzizi huo haukutenganisha mtu aliyealikwa na mtu asiyejulikana. Mgeni ni yule anayetandikiwa shuka safi, na mgeni ni yule anayetazamwa kwa jicho la pembeni. Ndiyo maana wahenga wakamfananisha na kuku mweupe, ambaye kila hatua yake huonekana. Kinyume chake ni mwenyeji, yaani mwenye mji. Kwa hiyo uhusiano unaotajwa na maneno haya mawili ni wa mtu asiye na mji na mtu mwenye mji, na si wa rafiki na rafiki. Hata neno la kumlaki, karibu, lililotokana na Kiarabu, kwa asili yake lamwambia mtu kuwa jirani, asogee. Halimwambii aingie.

Maelezo ya kale yaliyo wazi zaidi kuhusu taratibu hizi ni ya Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Aandika kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hutoka kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu wakati huo mfanyabiashara hulala katika nyumba ya mwenyeji huyo na si kwingine, isipokuwa kama amekwisha kuuzoea mji na ana watu anaowajua. Mwenyeji humwuzia mali yake na kumnunulia anachokitaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akamwuzia kitu pasipo mwenyeji kuwapo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa batili. Sahani iliyofunikwa, basi, ilikuwa mfano wa mkataba. Wasomali wa zama za baadaye waliijua nafasi kama hiyo kwa jina la abbaan, mlinzi na dalali wa mgeni kwa pamoja.

Ibn Battuta mwenyewe hakuchukuliwa na vijana wale. Walipoambiwa kwamba yeye ni mwanachuoni na si mfanyabiashara, walijua kwamba mgeni wa namna hiyo ni haki ya kadhi. Alilazwa katika nyumba ya wanafunzi, iliyokwisha kutandikwa na kupangwa vyombo. Akaletewa tambuu na popoo, akarashiwa marashi ya Damascus. Chakula kilikuwa wali wa samli uliowekewa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kililetwa mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Ijumaa, akaletewa mavazi na kupelekwa msikitini kukutana na sultani.

Hesabu hiyo ya siku tatu haikuwa ya bahati. Mafundisho ya Kiislamu yaweka haki ya mgeni kuwa siku tatu. Kinachozidi hapo ni sadaka. Methali ya Kiswahili imebana zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako wanaoisoma methali hii kama mzaha, au kama dalili ya uchoyo uliojificha nyuma ya ukarimu. Usomaji huo hautoshi. Jembe ni chombo cha mwenyeji. Anayekabidhiwa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, mwenye wajibu na mwenye sehemu. Methali yaeleza namna ugeni unavyokwisha pasipo mtu kufukuzwa.

Lakini methali ya jembe ni ya wakulima, na mgeni wa bandarini hakuweza kumalizwa kwa siku tatu, kwani pepo hazikumruhusu. Vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kurudi na kusi, inayoanza kuvuma Aprili. Mfanyabiashara aliyewasili mapema alikaa miezi kadhaa. Aliyechelewa kumaliza biashara zake aliweza kuukosa msimu na kungoja mwingine. Nyumba iliyotaka kupokea wageni wa aina hii ilihitaji kitu zaidi ya mkeka wa ziada. Ilihitaji chumba.

Chumba hicho chaonekana katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, ambazo Usam Ghaidan alizipima na kuzichora katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, na ambazo James de Vere Allen alizifasiri katika miaka hiyohiyo. Kwanza pana daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo mwanamume aliweza kuzungumza na mtu yeyote bila ya kumpitisha kizingiti. Kisha njia hukunjwa, ili anayepita barabarani asiweze kutupa jicho hadi uani. Zafuata misana, zikiwa sambamba moja nyuma ya nyingine, na kadiri mtu anavyokwenda ndivyo faragha inavyozidi, hata kufikia chumba kiitwacho ndani, penye zidaka za chokaa zilizonakshiwa, mahali pa wanawake, pa uzazi na pa maiti. Chumba cha mgeni, sabule, hakikuwamo katika mfuatano huo. Kilikuwa karibu na mlango, na katika nyumba kadhaa kilifikiwa bila ya kuikanyaga misana. Mgeni aliweza kulala humo miezi mitatu, akala, akauza na kununua, asimwone mke wala binti wa mwenyeji hata siku moja. Kwa Kiswahili cha leo mtu huambiwa "karibu ndani" kwa wepesi kabisa. Katika nyumba ya Lamu ya wakati ule, maneno hayo yangekuwa mwaliko wa kustaajabisha.

Mpango huu ulimheshimu mgeni na kumzuia kwa tendo moja. Asiyelitambua hilo hawezi kuielewa nyumba ya Kiswahili. Alipewa chumba chake ili awe na raha yake, na pia ili macho ya nyumba yaweze kumfuata. Mali yake ilikuwa karibu naye, na mwenyeji alikuwa karibu na mali. Ikiwa ukaaji wake ulizaa imani, aliweza hatimaye kuozwa katika ukoo, na hapo ndipo mlango wa ndani ulipomfungukia. Hakuwa mgeni tena.

Maandalizi ya chumba yalikuwa na msamiati wake. Kitanda, neno lililotokana na kutanda, kilikuwa fremu ya mti iliyowambwa kamba. Kamba zilizolegea hazina budi kukazwa upya kabla ya mgeni kulala, ama sivyo ataamka na mgongo uliopinda. Juu yake godoro la sufi, lililoanikwa juani ili sufi ifumuke, na mito yake. Sakafuni jamvi au busati. Palihitajika chetezo cha kufukizia udi, mrashi wa marashi, sinia ya tambuu, na mtungi wa maji wenye kata yake. Chooni palikuwa na birika la maji la kujengwa, na katika nyumba za Lamu samaki wadogo walifugwa humo wale viluwiluwi vya mbu; bakuli la kaure lilijengewa kwenye sakafu ya birika ili maji yakiisha samaki wapate mahali pa kusalia.

Ni nani aliyeyajaza birika hayo? Maandishi yako kimya hapa. Katika maelezo ya Ibn Battuta kuhusu Mogadishu wametajwa kadhi, waziri, sultani na aina zote za achari, lakini hakuna mpishi. Kilwa, hata hivyo, aliacha habari moja inayotoa mwanga usiopendeza. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jengo la Husuni Kubwa lahusishwa na jina lake, aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizozivaa, naye akampa. Kisha akaongezewa watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mgeni alikirimiwa kwa watu. Aliyemrithi, nduguye Daud, alikuwa akiwaambia waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa, na historia haijamsamehe kwa hilo, ingawa yamkini wale kumi wangelikuwa na maoni tofauti.

Katika nyumba za matajiri wa karne za 18 na 19, kuteka maji, kutwanga, kupika, kufua matandiko na kufukiza chumba kulikuwa kazi ya watumwa, walio wengi wanawake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Wageni hawakupungua kwa sheria hizo. Waliopungua ni wa kuwahudumia, na mzigo ukawaelemea mke, binti na mtoto wa kulelewa, ambao majina yao pia hayamo katika sifa za ukarimu wa mwenye nyumba.

Bara, taratibu hizi zilisafiri na misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walipokelewa na Snay bin Amir, aliyewapatia tembe la kukaa, akawasaidia katika shughuli za msafara na kumfundisha Burton mengi kuhusu watu na lugha za nchi ile. Ndiye mwenyeji kwa maana kamili ya kale: mlazaji, dalali na mkalimani.

Karne ya 20 iliutenganisha utatu huo. Biashara ya majahazi ikafifia, mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yakavunja mitandao mingi ya wenyeji na wageni wao, na malazi yakawa kitu cha kulipiwa kwa usiku. Kiswahili kikapata gesti, neno lililotoka katika Kiingereza likiwa na maana ya mgeni, likageuka kuwa jina la jengo, tena jengo ambalo mtu mwenye heshima zake huona haya kuonekana akitoka asubuhi. Anayelala gesti hajafikia kwa mtu. Baada ya Mji Mkongwe wa Unguja kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, nyumba kadhaa za mawe zimefanywa hoteli, na mtalii hulazwa popote anapolipia, hata kule ndani.

Sabule nayo, kwa matamshi ya sebule, imeenea hadi miji ya bara na kuwa chumba cha makochi na televisheni. Kamusi za siku hizi huieleza kuwa chumba cha kupokelea wageni na kuzungumzia, kulala hakutajwi. Lakini katika nyumba za vyumba viwili za Dar es Salaam au Mombasa, ndugu wajapo kwa msiba, kwa harusi au kwa matibabu, taarifa ya habari ikimalizika makochi husogezwa ukutani, godoro likatandikwa sakafuni na chandarua kikafungwa kwenye msumari wa pazia. Mgeni hulala hapo, karibu na mlango.